Gitaa moja na sauti moja: mwongozo kamili wa kurekodi mkiwa wawili tu

Vijana wanakuja kwangu Nsambya, hapa Kampala, wawili wawili, mmoja ana gitaa la mbao mwingine anaimba, na swali lao ni lile lile, turekodi vipi nyimbo zetu zitoke safi na hela ya studio kubwa hatuna? Nimekuwa nikijibu kidogo kidogo kwenye WhatsApp kwa hiyo leo naandika yote, kuanzia mazoezi mpaka wimbo kufika kwa watu, na namwandikia mtu anayeishi Kampala au Arua au Busia kwenye chumba cha kupanga chenye paa la mabati, sio mwenye studio ya kuta za sponji.

Jambo kubwa naliweka mbele kabisa: rekodini pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja, mnaonana. Studio nyingi za mjini zimezoea biti, prodyuza anatengeneza mdundo kwanza alafu mwimbaji anaingia kibandani peke yake, na kwa nyimbo za kucheza hiyo njia iko sawa kabisa. Kwa gitaa na sauti inaua kitu. Mi mwenyewe nilishakosea hapo. Walikuja kaka na dada kutoka Arua, nikamrekodi kaka kwanza na klik masikioni, yaani ule mlio wa mashine unaohesabu kasi, kesho yake dada akaimba juu ya gitaa la kaka yake. Kila noti ilikuwa mahali pake na wimbo ulikuwa umekufa. Siku ya tatu nikawakalisha wanatazamana, magoti karibu yagusane, ndio nikaona nilichokuwa nimekitupa: kabla ya kila ubeti dada anavuta pumzi, na kaka anamwangalia mdomo, dole gumba lake limetua juu ya uzi wa sita linasubiri, pumzi ikiisha ndio linashuka. Saa ingine anasubiri kidogo zaidi, saa ingine wanaenda haraka. Klik haijui mambo hayo.

Na hii sanaa ni ya kwetu kabisa. Waganda wana kadongo kamu, jina lenyewe ni kusema gitaa dogo moja tu, kina Herman Basudde na Paulo Kafeero walikuwa wanasimulia kisa kirefu na watu wananyamaza mpaka mwisho. Ng'ambo ya mpaka, Katanga ya Kongo, Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada na kuimba Kiswahili, Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, akamrekodi mwaka 1952 pale Jadotville ambapo leo panaitwa Likasi. Tafuteni rekodi zake msikilize kabla ya kununua kifaa chochote. Besi inatembea, melodi inajibu, sauti iko juu yake, na hukosi kitu.

Kabla ya kugusa maiki

Imbeni wimbo wote mara nyingi mpaka hakuna anayetazama karatasi. Tafuteni ufunguo unaomfaa mwimbaji, sio unaomrahisishia mpiga gitaa, maana mpiga gitaa akizoea G kila wimbo unakuwa wa G na dada wa watu anajikaza kwenye kiitikio mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gitaa, ipo kwa kazi hiyo, kila freti inapandisha nusu toni, ukibana freti ya tatu na vidole vyako vikabaki kwenye maumbo yale yale ya G tayari uko Bb.

Alafu maneno, na hapa naomba tukae kidogo juu ya Kiswahili chetu. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi ikivuta silabi nyingine neno linapinda. Chukua "barabara". Ukikaza ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ukikaza ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa, hayo ni maneno mawili tofauti. Sasa kama mmetunga mstari "barabara ya kwetu" na noti ndefu imeangukia silabi ya pili, mtu wa Mombasa au Bujumbura atasita, na akisita ameshatoka ndani ya wimbo. Someni kila mstari kwa sauti ya kuongea kwanza, alafu imbeni, na pale ambapo wimbo unabishana na neno badilisheni noti au mtafute neno lingine. Sisi wa Uganda tuna kazi ya ziada kwa sababu L na R zinabadilishana mdomoni bila wenyewe kusikia, mtu anaimba "kula" inatoka "kura", na gitaa likiwa peke yake hakuna ngoma ya kufunika hilo. Jirekodini kwenye simu, mpeni mtu wa pwani au Mkongo asikilize, mwambieni aandike anachosikia. Alichokiandika vibaya ndicho cha kurekebisha.

Chumba, na saa ya kurekodi

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa haraka haraka unarudi kutoka ukutani basi chumba kiko uchi, kivalishe. Chumba cha kulala ni kizuri kuliko sebule yenye vigae maana kina godoro, mapazia, nguo zinaning'inia. Watu wengi wanakosea kitu kimoja, wanaweka blanketi nyuma ya maiki. Maiki ya kawaida inasikia mbele yake, na mbele yake kuna mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwa mwimbaji, kwa hiyo blanketi zito au godoro lililosimamishwa linakaa nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Sakafu chini ya gitaa iacheni ngumu, gitaa linapenda kuwa na hewa kidogo. Msikae kwenye kona, besi zinajazana kule.

Friji izimeni, na ili usisahau kuiwasha weka funguo za nyumba ndani ya friji, hutaondoka bila kuifungua. Simu zote hali ya ndege, sio kimya tu, maana simu ikiwa karibu na kebo inaweza kuingiza ule mlio wa trrr trrr hata kama haijaita. Laptopu itumie betri, mkisikia mngurumo wa chini unaisha mara tu mkichomoa chaja basi ulikuwa unatoka kwenye umeme, na pia umeme ukikatika katikati ya wimbo mzuri hampotezi kitu.

Saa nzuri Kampala ni kuanzia saa nne usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri, boda zimepungua, watoto wamelala. Ongeeni na majirani kabla, bisheni hodi na muwaambie mnarekodi siku fulani, majirani wengi wakiombwa kwa heshima wanasaidia hata kunyamazisha mbwa. Na mtazame mawingu. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba mvua ni nyingi na mabati hayana huruma. Wale ndugu wa Arua tulikuwa ubeti wa mwisho, raundi ya nne, yenyewe kabisa, tone la kwanza likaanguka juu ya bati tukalisikia sote watatu, dada hakuacha kuimba na kaka akapunguza nguvu ya mkono, wakamaliza mvua ikiwa bado ni matone matone. Tuliiacha hivo hivo. Dakika mbili baadaye hata kuongea ilikuwa hatusikiani.

Gitaa lenyewe

Nyuzi mpya zifungeni jana yake, sio asubuhi ile ile, maana zinavutika na kushuka mpaka zizoee. Nyuzi za miezi sita zina sauti ya bati bovu na hakuna kompyuta itakayozifufua. Tyuni kabla ya kila raundi, kila raundi, hata kama mnaona liko sawa, chumba kikipata joto la watu wawili nyuzi zinahama. Angalieni pia vifungo vya shati na saa ya mkononi, mkono ukisugua ubao wa gitaa au kifungo kikigonga, maiki inakamata. Kiti kisicholia. Hilo la kiti limeniharibia raundi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Vifaa

Mnahitaji laptopu, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki, Focusrite Scarlett 2i2 kwa mfano, hedfoni zinazofunika sikio lote, na maiki moja au mbili. Maiki za dainamiki kama Shure SM57 na SM58 ni ngumu, hazihitaji umeme na hazikamati sana kelele za mbali, lakini muwe macho maana SM58 feki ni nyingi sana sokoni, bei ikiwa ya ajabu jueni sio yenyewe. Maiki za kondensa zinasikia vizuri zaidi, vidole kwenye nyuzi, pumzi, zote, na zinataka umeme wa volti 48 ambao kadi inatoa yenyewe ukibonyeza kitufe kilichoandikwa 48V. Kwa gitaa la mbao mi nachagua kondensa kila mara kama chumba kimetulia.

Programu isiwasumbue. Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa, BandLab ni bure hata kwenye simu. Wekeni 48 kHz na biti 24, faili liwe WAV sio MP3. Maiki moja inakula kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo nafasi kwenye diski sio tatizo. Kipimo cha sauti, sehemu yenye nguvu kuliko zote ya wimbo ifike kati ya desibeli -12 na -6, isiguse sifuri, maana ikipasuka imepasuka.

Kama hamna kitu chochote isipokuwa simu, rekodini na simu. Iwekeni juu ya mto sio juu ya meza, mita moja kutoka kwenu, na yote niliyosema ya chumba myafanye. Chumba kizuri na simu ya kawaida inashinda maiki ya bei kubwa ndani ya chumba kinacholia.

Kuweka maiki

Hapa ndio msipate haraka, nusu saa au saa nzima ikiisha hapa imeisha vizuri.

Njia ninayoipenda ni maiki moja kwa watu wawili. Kama maiki yenu ina kitufe cha umbo la namba nane inasikia mbele na nyuma, pembeni haisikii, basi isimamisheni katikati, mwimbaji upande mmoja, gitaa upande wa pili, mnatazamana juu ya maiki. Kama inasikia mbele tu kaeni wote mbele yake kama mnaota moto, mpiga gitaa kwenye kiti, mwimbaji amesimama pembeni yake, maiki kama sentimita 60 mpaka 90 kutoka kwenu. Sasa miksi yenu mnaifanya kwa miguu. Gitaa limezidi? Kiti kirudi nyuma. Mkipunguza umbali kuwa nusu sauti inapanda karibu desibeli 6, kwa hiyo hatua ndogo ya kiganja kimoja inabadilisha mengi. Rekodini nusu dakika, sikilizeni na hedfoni, sogezeni, rudieni. Mkishapata, wekeni selotepu sakafuni pale miguu ya kiti na miguu ya mwimbaji ilipo, ili mkienda chooni mrudi pale pale. Hatari ya njia hii ni kwamba baadaye huwezi kupandisha sauti bila gitaa, kilichoingia kimeingia, na kwa hilo hilo ndio naipenda, inawalazimisha msikilizane.

Njia ya pili ni maiki mbili. Ya gitaa isielekee tundu, tundu linatoa besi nyingi za kuvuma, ielekee freti ya 12 au pale shingo inapoungana na mwili, sentimita 20 mpaka 30. Besi zikipungua isogezeni kidogo kuelekea tundu, ikiwa nzito irudi shingoni, vidole vitatu tu unasikia tofauti. Ya mwimbaji sentimita 15 mpaka 20, juu kidogo ya mdomo, na mbele yake chujio la pumzi maana "pole" na "baba" zinapiga maiki kofi. Kama hamna, chukueni hanga ya waya, pindeni iwe duara, ivalisheni soksi ndefu nyembamba za kina dada, inafanya kazi ile ile. Kaeni mnatazamana ili mgongo wa maiki ya sauti uelekee gitaa na mgongo wa maiki ya gitaa uelekee mwimbaji, pale mgongoni ndio maiki ya kadioidi, yaani ile inayosikia mbele tu, inasikia kidogo.

Shida ya maiki mbili ni sauti moja kufika mara mbili. Sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa elfu moja ya sekunde, gitaa likifika maiki ya pili kwa kuchelewa hivo, zikijumlishwa kuna sehemu zinakulana, karibu na 500 Hz kwa mfano huo, na gitaa linakuwa jembamba kama linatoka ndani ya kopo. Kanuni ya mafundi ni moja kwa tatu, maiki ikiwa sentimita 25 kutoka kwa gitaa, maiki nyingine iwe angalau sentimita 75 kutoka kwa gitaa hilo hilo. Na kwenye programu kuna kitufe cha kugeuza mkondo, alama yake ni duara lenye mstari, kibonyezeni kwenye maiki moja, upande wenye besi zaidi ndio mbakie nao.

Usiku wenyewe

Mwimbaji anywe maji ya kawaida, sio soda ya baridi, na aimbe nyimbo mbili za kupasha koo. Mkitaka kasi isipotee sikilizeni klik sekunde kumi alafu izimeni kabla ya kuanza. Hedfoni vueni, wote wawili, mkiwa na gitaa la mbao hamzihitaji, mnasikiana kwa masikio.

Rekodini nusu dakika ya chumba kimya kabla ya raundi ya kwanza, itawasaidia kuziba mahali mtakapokata. Alafu pigeni wimbo wote mpaka mwisho hata mkikosea. Kwenye kosa rudini mwanzo wa ubeti bila kuzima mashine. Raundi tatu mpaka tano, pumzikeni, tokeni nje, rudini mbili za mwisho. Andikeni kwenye daftari, raundi ya ngapi, nini kilikuwa kizuri, maana kesho zote zitafanana. Mkichagua msitafute isiyo na kosa, tafuteni ile ambayo ukiisikiliza unasahau kuhesabu makosa. Ubeti ulioharibika unaweza kuazima kutoka raundi nyingine kama kasi ni ile ile, kateni kwenye pumzi au pale nyuzi zinaponyamaza. Mlio wa vidole kuteleza kwenye nyuzi usiufute wote, ni mkono wa mtu.

Kabla ya kulala nakilini kila kitu kwenye flashi au diski ya pili, na hiyo ya pili ilale nyumba nyingine.

Kumiksi

Kidogo tu. Msimiksi usiku huo huo, ngojeni siku mbili. Kwenye ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, kateni chini ya 80 kwa gitaa, uzi wa sita ukiwa wazi unaanzia 82 Hz kwa hiyo hamuumizi kitu, na chini ya 100 kwa sauti ya dada. Gitaa likivuma sana punguzeni karibu na 200. S na SH zikichoma, na Kiswahili kina nyingi, punguzeni kati ya 5000 na 8000. Kompresa, ile inayobana sauti ikizidi, iwe nyepesi, mbili kwa moja, ipunguze desibeli 3 tu kwenye kilele. Mwangwi mmoja kwa wote wawili ili wakae chumba kimoja, na mkianza kuusikia kama mwangwi umezidi, rudisheni nyuma. Kwa maiki mbili msitupe gitaa kushoto kabisa na sauti kulia kabisa, kila maiki imekamata kidogo ya mwenzake na picha itayumba. Sikilizeni kwenye simu bila hedfoni, na ndani ya taksi ya Gaba kama dereva atawakubalia, maneno yakisikika pale basi yatasikika popote.

Kwa sauti ya mwisho Spotify inalinganisha nyimbo karibu na -14 LUFS, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, kwa hiyo hakuna faida kuminya wimbo uwe na kelele, acheni kilele kwenye desibeli -1 na gitaa lipumue.

Haki, alafu kutoa

Kabla wimbo haujatoka kaeni chini muandike karatasi, hata kama ni ndugu. Kuna haki mbili tofauti, ya utunzi yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe. Nani katunga nini, asilimia ngapi, wote msaini, mpige picha. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya mwaka 2006, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na ulinzi unaanza wimbo ukishawekwa kwenye maandishi au rekodi, lakini kuusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kunawapa ushahidi mkononi siku mtu akibisha. UPRS ndio chama cha kukusanya malipo nyimbo zikipigwa hadharani, jiungeni.

Kutoa wimbo mnapitia msambazaji kama DistroKid au TuneCore, anaupeleka Boomplay, Apple Music, Spotify na kwingine. Picha ya jalada iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000. Kila rekodi inapata namba ya ISRC, ni kama kitambulisho chake, yenye herufi na tarakimu 12, iandikeni kwenye daftari. Pakieni wiki tatu au nne kabla ya tarehe, maana Spotify inataka ombi la kuwekwa kwenye orodha zao liwahi angalau siku 7, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1000 kwa miezi 12 haulipwi kule, kwa hiyo wekeni nguvu pia YouTube, video ya nyie wawili mmekaa pale pale mlipokuwa mmekaa.

Pale palipoandikwa jina la msanii wekeni majina yote mawili. Nimeona nyimbo nyingi za hivi zinatoka na jina la mwimbaji peke yake, mpiga gitaa hayumo hata kwenye maelezo, na mkishapakia kubadilisha inachukua muda na barua pepe nyingi. Jazeni pia sehemu ya watunzi na ya wapigaji, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi moja moja, alafu mmoja asome na mwingine aangalie kabla ya kubonyeza.